Saa za Kujisomea Zimo Kwenye Mtaala, Nani Anazifundisha?

Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia, kwa Katibu Mtendaji wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, na kwa Makamu Wakuu wa Vyuo Vikuu vyetu

Waheshimiwa,

Baada ya salamu na heshima zinazowastahili, naomba nianze na jedwali ambalo ninyi mnalifahamu kuliko mimi. Kila kozi inayofikishwa mbele ya Tume kwa ajili ya ithibati huambatana na mgawanyo wa saa: saa za mihadhara, saa za semina, saa za kazi za kuandika, saa za vitendo, na safu moja ya saa za kujisomea. Kwa utaratibu tunaoufuata, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na mwaka mmoja wa shahada una krediti 120, yaani saa 1,200. Chukueni kozi moja ya krediti 12, ambayo kwa hesabu hiyo ni saa 120. Mwanafunzi akihudhuria mhadhara wa saa mbili na semina ya saa moja kila wiki, katika muhula wa wiki 15, atakuwa amekaa na mwalimu kwa saa 45. Saa 75 zilizobaki yuko peke yake, maktaba, bwenini, au kwenye kimbweta, yaani benchi la kujisomea nje, chini ya mwembe. Akiwa na kozi tano katika muhula huo, saa za kuwa peke yake zinafika 25 kwa wiki, wakati saa za darasani ni 15.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya shahada tunayoitoa hupatikana mahali ambapo mwalimu hayupo. Nimefundisha stadi za mawasiliano kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwa miaka kumi na moja sasa, na ninawaandikia kwa sababu katika miaka yote hiyo sijaona mahali ambapo mwanafunzi anafundishwa afanye nini ndani ya saa hizo 75, tena afanye kwa Kiingereza. Saa hizo tumeziandika, tumezipitisha na tumezihesabu kwenye cheti, kuzifundisha hatujazifundisha.

Naomba tumtazame mwanafunzi mwenyewe kabla ya kumlaumu. Wengi wanaonifikia wamesoma darasa la kwanza hadi la saba kwa Kiswahili, kama ilivyo katika shule za msingi za serikali tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, kisha wakaingia kidato cha kwanza na kukuta kila somo, isipokuwa Kiswahili chenyewe, limegeuka kuwa Kiingereza. Wiki chache za kozi ya awali wanazopewa mwanzoni mwa kidato hicho ni jambo jema, lakini haziwezi kubeba peke yake uzito wa miaka sita inayofuata. Katika miaka hiyo sita, kwa wengi wao, kusoma kumekuwa na maana ya kunakili yaliyo ubaoni, kuyakariri wakati wa prepu, na kuyarudisha kwenye karatasi ya mtihani kama yalivyokuja. Mtihani nao humtajia mapema kiasi kinachotakiwa: eleza sababu sita, toa athari tano. Akishafika chuoni anapewa sentensi moja ya mwanazuoni na neno moja mbele yake, "Discuss", na swali lake la kwanza kwangu huwa ni hili: "Mwalimu, hoja ngapi?" Wako wahadhiri wanaolicheka swali hilo. Mimi siwezi kulicheka, kwa kuwa ni swali la dhati kutoka kwa mtu aliyefanya kwa bidii kila alichofundishwa kufanya, na akafaulu, na kwa kufaulu huko akachaguliwa kuja kwetu.

Nami nilikuwa mmoja wao. Nilifika chuoni kutoka shule ya bweni mkoani Rukwa, nikiwa na alama nzuri za Historia na Jiografia. Katika wiki ya pili mhadhiri alitupa sura moja ya kitabu kuhusu nadharia za maendeleo, kurasa thelathini na mbili, tuje nayo kwenye semina. Nilikaa nayo usiku tatu. Kila neno nisilolijua nililitafuta kwenye kamusi na kuandika maana yake ya Kiswahili kwa penseli juu ya mstari, hata ukurasa wa tisa ukawa mweusi kwa penseli. Siku ya semina nikaulizwa mwandishi anapinga nini. Nikaeleza kwa ufasaha wote nilioweza kuupata kwamba anaunga mkono wazo fulani, na kumbe wazo hilo ndilo alilokuwa akilibomoa. Alikuwa amelieleza kwa kurasa tano, kwa uadilifu, kama wafanyavyo waandishi wa kitaaluma wanapotaka kumpa mpinzani haki yake kabla ya kumjibu, na ishara ya kwamba hayo si maneno yake ilikuwa kishazi kimoja mwanzoni mwa aya, cha kusema kwamba wapo waliodai hivyo. Maana ya kila neno katika kishazi hicho niliijua. Kazi yake sikuijua, kwa sababu hakuna aliyewahi kunionyesha kwamba andiko la kitaaluma ni mabishano, na kwamba msomaji kazi yake ya kwanza ni kujua nani anasema nini na anambishia nani.

Aliyeniokoa ni kaka mmoja wa mwaka wa tatu niliyepangwa naye chumba. Alinitazama usiku mmoja nikihangaika, akauchukua ule mrundo wa karatasi na kuniambia nisome utangulizi na aya ya mwisho tu. Kisha nisome sentensi ya kwanza ya kila aya. Kisha nifunike karatasi. "Haya," akasema, "niambie kwa Kiswahili, huyu bwana anataka kusema nini?" Nikajaribu, nikakwama, nikafunua, nikasoma tena mahali nilipokwamia, nikajaribu upya. Kazi ya usiku tatu tuliimaliza kwa muda usiozidi saa mbili, na kwa mara ya kwanza nikawa na maoni yangu kuhusu kitu nilichokisoma kwa Kiingereza. Nasimulia haya kwa sababu elimu ile niliipata kwa bahati ya kupangiwa chumba. Mwenzangu wa chumba cha pili, mwenye akili kunizidi, hakuipata. Alipata sapu tatu, yaani mitihani mitatu ya marudio, mwaka ule, na mwaka uliofuata alidisko, yaani aliondolewa masomoni.

Leo vitabu si haba kama zamani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina maktaba iliyozinduliwa Novemba 2018, yenye nafasi ya kukalisha wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja. Kupitia mpango wa Research4Life vyuo vyetu vinaweza kufungua maelfu ya majarida ya kitaaluma kwa gharama ndogo au bila gharama. Hata hivyo, foleni ndefu kuliko zote nizionazo karibu na mitihani ziko steshenari, ambako wanafunzi hutoa kopi za madesa, yaani muhtasari wa masomo ulioandikwa na waliotangulia, ya miaka iliyopita na mitihani iliyopita iliyokwisha kujibiwa. Huwa tunaita huo uvivu. Mimi naona ni uchumi wa mtu mwenye saa 25 na asiye na njia ya kuzitumia: kama kurasa thelathini zinamgharimu usiku tatu na mwisho wake haelewi, desa la kurasa nne ni uamuzi wa busara. Tukitaka aliache desa inatubidi tumpe njia ambayo itampunguzia gharama ya kusoma kitabu chenyewe.

Mtaniambia kwamba kozi ya stadi za mawasiliano ipo, na kwamba mimi mwenyewe ndiye mwalimu wake. Ni kweli, na kwa hilo naomba niseme wazi hali yake, kwa kuwa aibu yake ni yangu pia. Nimewahi kufundisha kozi hiyo katika ukumbi wenye wanafunzi zaidi ya mia sita, kwa muhula mmoja, kwa kipaza sauti. Katika ukumbi wa namna hiyo haiwezekani kumfundisha mtu kusoma. Kinachowezekana ni kumfundisha maelezo kuhusu kusoma. Hivyo tunaandika slaidi za aina nne za usomaji, wanafunzi wanazinakili, na mtihani unawauliza wazitaje. Nimesahihisha karatasi ya kijana aliyezitaja zote nne bila kosa hata moja, ilhali wiki hiyo hiyo alinifuata ofisini akiwa hajui aanzie wapi makala ya kurasa kumi na mbili aliyopewa kwenye kozi ya sosholojia. Stadi ni kama kuogelea au kushona: hufundishwa mtu akiwa ndani ya maji, au akiwa na kitambaa mkononi, na mwenye kujua akiwa pembeni yake.

Liko pia jambo la Kiswahili, ambalo naomba mnivumilie nikilikalia kidogo. Sikusudii kufungua upya mjadala wa lugha ya kufundishia, ingawa ninao msimamo wangu. Tume ya Rais ya Elimu ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kipande hadi sekondari na baadaye vyuo vikuu, na serikali haikulipokea pendekezo hilo. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, waliwapima wanafunzi wetu na kukuta kwamba kati ya wale wa chuo kikuu walioshiriki, chini ya asilimia 20 ndio waliokuwa na kiwango cha kuvisoma kwa urahisi hata vitabu vyepesi vya masomo yao. Hatua iliyofuata ilikuwa mradi uliofadhiliwa na Uingereza, uliopeleka katika shule za sekondari vitabu vya hadithi vya Kiingereza vilivyopangwa kwa ngazi za ugumu. Baadhi ya vitabu hivyo nilivikuta Rukwa vikiwa vimepoteza majalada, na navishukuru hadi leo. Miaka arobaini imepita tangu kipimo kile, na kijana atakayeripoti chuoni mwaka huu hawezi kusubiri tuhitimishe mjadala. Atasoma kwa Kiingereza. Ninachouliza ni kama tutamruhusu kufikiri.

Nasema hivyo kwa sababu ya ninayoyaona kwenye vimbweta. Jioni wanafunzi hukaa wanane au kumi, andiko la Kiingereza liko katikati, na mjadala wote unaendelea kwa Kiswahili, mkali na wenye mifano ya mashamba ya kwao, ya minada, ya bajaji na ya ushirika wa korosho. Mhadhiri akipita karibu, wanafunzi hao hunyamaza, au hugeuza sentensi iwe Kiingereza, kana kwamba wamekutwa wakiiba. Wanaona haya kwa kitu ambacho ndicho kazi bora ya kitaaluma waliyofanya siku nzima. Somo la Kiswahili pale Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, limefundishwa kwa Kiswahili tangu mwaka 1970, na hakuna aliyeonyesha kwamba wahitimu wake hawawezi kufikiri. Katika semina zangu nimeweka utaratibu wa wazi: tunasoma kwa Kiingereza, tunabishana kwa Kiswahili hadi kila mmoja aweze kusema mwandishi anadai nini na ushahidi wake ni upi, kisha kila mtu anaandika aya moja ya Kiingereza akiwa amefunika andiko. Aya hizo huwa fupi na zina makosa ya sarufi, lakini ni zao. Sarufi naweza kuirekebisha. Aya iliyonakiliwa kutoka kwa mtu mwingine hainipi pa kuanzia.

Kunakili ndiko kunakonileta kwenye adhabu. Vyuo vingi sasa hupitisha kazi za wanafunzi kwenye programu za kupima ufanano, na anayezidi kiwango huitwa mbele ya kamati. Nakubali kwamba wizi wa maandishi ni kosa. Lakini nimekaa na wanafunzi wengi walioitwa hivyo, na nilipomwomba mmoja wao aniambie kwa Kiswahili maana ya aya aliyoinakili, aliieleza vizuri kabisa, kisha akasema kwamba aliogopa kuiandika kwa Kiingereza chake kwa sababu cha mwandishi ni kizuri zaidi. Hakuwahi kuelezwa kwamba tunataka chake. Na sasa imekuja akili mnemba, ambayo kwa dakika moja inampa muhtasari wa sura nzima kwa Kiingereza kilichonyooka. Tukiipiga marufuku bila kumfundisha kusoma, ataitumia kwa siri. Tukiiruhusu bila kumfundisha kusoma, hatakuwa na uwezo wa kutambua pale inapokosea. Mwanafunzi aliyekwisha kuusoma utangulizi na hitimisho kwa macho yake, akajua hoja iko wapi, anaweza kuiuliza mashine maswali na kuibishia. Asiyejua hayo anageuka kuwa tarishi kati ya mashine na mhadhiri.

Naomba sasa niseme ninachoomba kifanyike.

Mheshimiwa Waziri, kidato cha sita humaliza mitihani yao mwezi Mei, na vyuo hufungua Oktoba au Novemba. Katikati wengine hupitia Jeshi la Kujenga Taifa, na hata baada ya hapo kuna wiki ambazo vijana wetu hukaa nyumbani wakisubiri majina ya waliochaguliwa na ya waliopata mikopo. Naomba vyuo viwezeshwe kuwapokea wiki tatu kabla ya mihadhara, kwa kazi moja tu: kusoma. Wiki ya utambulisho tuliyo nayo humezwa na usajili, hotuba na kusaini karatasi. Katika wiki hizo tatu, makundi ya watu ishirini yasome andiko moja halisi la fani yao kila siku, kwa utaratibu kama ule niliofundishwa chumbani, na jioni waandike aya moja. Wasimamizi wawe wanafunzi wa mwaka wa tatu waliopewa mafunzo ya siku chache na posho ya heshima, chini ya wahadhiri wachache. Najua gharama ya malazi ipo. Iwekwe kwenye mizani pamoja na gharama ya mkopo wa serikali unaopotea kila mwanafunzi anapoondolewa masomoni mwaka wa kwanza. Na kwa kuwa mitihani ya taifa iko chini ya Wizara yako, swali moja tu katika kila somo la sanaa la kidato cha sita, linalompa mtahiniwa andiko asilowahi kuliona na kumtaka aseme mwandishi anadai nini, lingebadilisha namna shule zinavyofundisha upesi kuliko waraka wowote.

Ndugu Katibu Mtendaji, kwako ombi langu ni dogo na halihitaji fedha. Safu ya saa za kujisomea isipokelewe ikiwa na tarakimu peke yake. Kila kozi ya mwaka wa kwanza inayoletwa kwa ithibati ionyeshe mwanafunzi atasoma nini katika saa hizo, kurasa ngapi kwa wiki, kwa swali gani la kumwongoza, na mwalimu atajuaje kwamba amesoma. Mhadhiri atakayelazimika kuandika swali la kuongoza usomaji atagundua mwenyewe, kama nilivyogundua mimi, kwamba baadhi ya orodha zetu za vitabu ni ndefu kiasi kwamba hata sisi hatujazimaliza.

Waheshimiwa Makamu Wakuu, kwenu naomba mambo mawili. Kwanza, mzigo huu usiachiwe walimu wa lugha peke yao. Mimi siwezi kumfundisha mwanafunzi wa sheria jinsi ya kutafuta kiini cha hukumu, wala wa uhandisi jinsi ya kusoma mchoro pamoja na maelezo yake. Anayeweza ni mhadhiri wa fani. Kila mhadhiri wa kozi za msingi za mwaka wa kwanza atumie saa moja katika mwezi wa kwanza kufungua ukurasa mmoja mbele ya darasa na kuusoma kwa sauti, akisema anachofikiri kadiri anavyoendelea: hapa anamnukuu mwingine, hapa anasita, jedwali hili naliruka kwanza, neno hili silijui ila naweza kuendelea bila hilo. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo, msichana mmoja aliinua mkono kuuliza kama kweli na mimi kuna maneno nisiyoyajua. Nilipokiri kwamba yapo, ukumbi mzima ulitulia kwa namna ambayo sijaisahau.

Pili, saa zinazotumika kukaa na wanafunzi wachache wachache na kusoma aya zao zihesabiwe kwenye mzigo wa kazi wa mwalimu kama zinavyohesabiwa saa za mihadhara. Kwa sasa mwalimu anayewarundika mia sita ukumbini na yule anayewagawa katika makundi thelathini wanaonekana sawa kwenye karatasi, isipokuwa huyu wa pili hufika nyumbani usiku.

Muhula ujao nitapokea kundi jipya. Semina yangu ya kwanza huwa Jumanne ya wiki ya pili, saa nne asubuhi, na andiko tutakalosoma lina kurasa sita. Yeyote kati yenu atakayependa kuja na kukaa pamoja nao katika kundi, akasoma, akafunika karatasi na kusema kwa Kiswahili mwandishi anadai nini, nitamwekea kiti.

Wenu mtiifu katika kazi,

Mwalimu wa stadi za mawasiliano katika chuo kikuu cha umma